Betri Iwe Moja kwa Vyombo Vyote

Wahenga walinena kuwa kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini kwa fundi wa leo atumiaye keekee isiyo na waya, kufa kwa betri ndiko kusimama kwa kazi, hata kama jirani yake ana betri nzima ya kampuni nyingine.

Tofauti hiyo, naamini, ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kitaalamu. Betri ya lithiamu ya volti 18 kwa kawaida huwa na seli zilizopangwa tano tano kwa mfuatano, kila moja ikiwa na takriban volti 3.6. Hata zile ambazo DeWalt huziuza Marekani kwa jina la volti 20 ni zizo hizo. 20 ni kipimo chake zikiwa zimejaa, kabla ya kufanya kazi.

Wako wanaotumia viunganishi kuhamisha betri kutoka chombo kimoja hadi kingine. Nawatahadharisha wanafunzi: katika baadhi ya vyombo, kinga inayokata umeme betri inapokaribia kuisha imo katika chombo, wala si katika betri. Ukiichomeka kwingine, yaweza kunyonywa hadi iharibike.

Dawa ni sheria. Muungano wa Ulaya ulilazimisha simu mpya kuwa na tundu la chaji la USB-C kuanzia Desemba 28, 2024. Mbona vyombo vya fundi visifuate?

Hadi hapo, walimu wa vyuo vya ufundi, chagueni betri kwanza, chombo baadaye.