Vuli ya Mombasa na Hesabu ya Shehena

Mjini Mombasa, takriban nyuzi 4 kusini mwa Ikweta, miezi ya Oktoba na Novemba huleta hali mbili zinazokinzana katika biashara, kwani bahari hutulia wakati uleule mbingu zinapofunguka. Kusi, yaani upepo wa msimu uvumao tangu Aprili kutoka upande wa kusini, huwa umelegea, na kaskazi, ambao ndio upepo wa msimu wa pili, huwa haujashika. Kipindi hicho cha katikati mabaharia hukiita tanga mbili, kwa kuwa upepo wake mwepesi huruhusu chombo kwenda huku na huku. Ndani yake hunyesha mvua za vuli, ambazo katika mwaka wa kawaida, kwa kila mwezi, hazifikii nusu ya zile za mwezi Mei, lakini hubadilika mno kutoka mwaka mmoja hadi mwingine, na ni kubadilika huko, zaidi ya wingi wake, kunakowasumbua wafanyabiashara.

Zama za matanga, gharama ya majira ilikuwa baharini. Majahazi ya Oman, Ghuba na Kutch yalikuja na kaskazi na kurejea na kusi, na nahodha aliyekawia kufunga biashara yake alijikuta akisubiri miezi kadhaa hadi upepo ugeuke. Leo Bandari ya Kale bado hupokea majahazi, mengi yakiwa ya injini, lakini uzito wa biashara uko Kilindini, bandari ambayo mwaka 2024 ilihudumia zaidi ya tani milioni 40 za shehena, na ambako meli haziulizi upepo unavuma kutoka wapi. Gharama ya majira haikutoweka kwa sababu hiyo. Imehamia gatini na, kwa kiasi kikubwa zaidi, barabarani.

Gatini, waathirika wakuu ni waagizaji wa shehena ya kichele, yaani mizigo inayomiminwa moja kwa moja katika tumbo la meli bila kufungashwa: ngano, mbolea, na klinka ambayo viwanda husaga kutengeneza saruji. Ngano ikilowa huvunda na kushikana, urea hunyonya unyevu hata wa hewani, na klinka iliyolowa hupoteza ubora. Kwa hiyo wingu likitanda, vifuniko vya matumbo ya meli hufungwa, wapakuzi husimama, na saa huendelea kuhesabiwa. Hapo ndipo maneno machache ya mkataba wa kukodi meli yanapokuwa na thamani ya fedha nyingi. Mkataba ukihesabu muda wa kupakua kwa siku za kazi zinazoruhusiwa na hali ya hewa, saa za mvua hazihesabiwi, na hasara ya kungoja humwangukia mwenye meli. Usipotaja hali ya hewa, humwangukia aliyeikodi meli. Iko pia kanuni ambayo wanunuzi wageni huijua kwa uchungu: muda uliokubaliwa ukishakwisha na tozo ya ucheleweshaji ikaanza, kwa kawaida mvua inayonyesha baadaye haisimamishi tena tozo hiyo, ambayo hutozwa kwa siku, kwa maelfu ya dola. Mvua ileile, ikinyesha Jumatatu au Alhamisi, huweza kulipiwa na watu wawili tofauti.

Makontena, kwa upande wake, hupakuliwa mvuani bila shida, na mafuta ya Kipevu hupita kwenye mabomba, ingawa radi husimamisha kazi. Juu ya hayo, ukaribu na Ikweta huikinga Mombasa dhidi ya vimbunga vingi vinavyoisumbua Msumbiji na Madagaska. Kwa mtazamaji wa gatini tu, basi, vuli ingeonekana kuwa jambo dogo.

Hesabu hiyo hupotoka mara lori linapotoka langoni. Shehena ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupanda bara kwa njia chache, na tangu 2018 treni za mizigo za reli ya kisasa zimechukua sehemu yake, lakini malori bado yanabeba mzigo mwingi. Mvua za El Niño za 1997 zilikata barabara ya Mombasa hadi Nairobi na kuonyesha jinsi nchi kadhaa zilivyotegemea uzi mmoja wa lami. Mafuriko ya Novemba 2023 yalirudia onyo hilo katika pwani nzima. Lori likikwama, kontena tupu huchelewa kurudi, na kampuni ya meli humtoza mteja kwa kila siku inayozidi.

Chai hupata pigo kutoka pande mbili. Mnada wa Mombasa, uliohamia hapa kutoka Nairobi mwaka 1969, huuza majani ya Kenya na ya majirani zake. Vuli inaponyesha nyanda za juu, mavuno huongezeka, na wingi huelekea kushusha bei. Majani hayo hushuka pwani barabara zikiwa zimelowa, kisha huingia katika maghala ya Shimanzi wakati hewa ina unyevu mwingi, ilhali chai iliyokaushwa vizuri hutoka kiwandani ikiwa na takriban asilimia 3 tu ya maji. Ghala lenye paa linalovuja huharibu kwa wiki moja kazi ya msimu.

Ajabu ni kwamba vuli hutabirika vizuri zaidi kuliko mvua za Machi hadi Mei. Hufuatana kwa karibu na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki mwa Bahari ya Hindi: upande wa Afrika ukipata joto kupita kawaida, mvua huzidi, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023, na kinyume chake huleta ukame. Kituo cha kikanda cha hali ya hewa, ICPAC, chenye makao karibu na Nairobi, kwa kawaida hutoa mwelekeo wa msimu mwishoni mwa Agosti, wiki kadhaa kabla ya mawingu ya kwanza. Mwagizaji wa ngano anayetia saini mkataba wa meli mwezi Septemba ana nafasi ya kudai kifungu cha hali ya hewa, kuongeza siku za kupakua, au kulipa nauli iliyo juu kidogo ili mwenye meli abebe mvua. Akisubiri hadi meli itie nanga, bei ya kila moja kati ya hayo huwa imekwisha kupangwa na mwingine.