Je, Wajua? Chatu mchanga huzoezwa kula panya wa friza

Chatu mchanga anayefugwa anaweza kuachishwa panya hai na kuzoezwa panya aliyegandishwa kisha akayeyushwa. Sababu kuu ni usalama: panya hai akibanwa huuma, na meno yake yanaweza kumpofusha nyoka au hata kumuua.

Chatu hutambua windo kwa harufu, mwendo na joto. Midomo yake ina vishimo vinavyohisi joto la mwili, ndiyo maana panya baridi hamvutii.

Mazoezi huenda kwa hatua. Kwanza hupewa panya aliyeuawa papo hapo, angali na joto. Akizoea, hupewa wa friza: panya huyeyushwa usiku kucha ndani ya friji, kisha hupashwa katika maji ya moto kiasi hadi afikie nyuzi joto 38 hivi. Hachemshwi, wala hagandishwi tena. Hushikwa kwa koleo refu na kutikiswa taratibu mbele ya nyoka nyakati za jioni, saa za mawindo. Unene wa panya ulingane na sehemu nene ya mwili wa nyoka. Nyoka akikataa, hujaribiwa tena baada ya siku 5 hadi 7.

Python regius, chatu mdogo anayesifika kwa kususa chakula, huishi porini kuanzia Afrika Magharibi hadi Uganda. Nchini Tanzania, iwe Kasulu, Kibondo au kwingineko, chatu wa porini hafugwi bila kibali: hulindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.