Udokozi na Uchongezi katika Kiingereza cha Mtaani

Mwanafunzi aliyehitimu Kiingereza cha darasani, akajua kwamba kuiba ni «steal» na kupasha habari ni «inform», akitua London akakaa na mafundi wakati wa chai, atastaajabu kuona jinsi maneno hayo mawili yalivyo adimu vinywani mwa wenyeji. Aliyepotewa na kalamu husema kuna mtu aliyeifanyia «nick» au «pinch». Na watu wa London Mashariki, wenye mazoea ya kulificha neno nyuma ya jingine la vina vyake, hulibadili hilo «pinch» likawa «half-inch», yaani nusu inchi. Hata watoto wanaoparamia ua wa jirani kuchuma matofaa wanalo neno lao la peke yake, «scrump». Haya yote yanakaribiana sana na kudokoa kwetu, kule kwa mtoto atiaye mkono chunguni akanyofoa mnofu kabla chakula hakijapakuliwa.

Kwa upande wa uchongezi, Mmarekani humwita mtoto mchongezi «tattletale», na Australia kumchongea mtu ni «dob in». Mwingereza husema «grass», ambalo kwa kawaida ni majani, nalo hudhaniwa kuwa ni kifupi cha «grasshopper», panzi, aliyeteuliwa kwa sababu ya vina vyake na «copper», askari polisi. «Snitch» katika lugha ya siri ya wezi wa zamani ilikuwa pua, na wengi hulinasibisha «nark» na neno la pua katika Kiromani. Kwetu mdukuzi, asikilizaye siri za watu, ni mtu wa sikio. Kwao mchongezi ni mtu wa pua.

Lakini lililonivutia zaidi ni kwamba «snitch» hiyo hiyo, ghairi ya kuchongea, ni kuiba kitu kidogo pia; na «nick» na «pinch», ambazo ni kuiba, ndizo hizo hizo kukamatwa na polisi, hata kituo chenyewe kikaitwa «nick». Mchanganyiko huu hautushangazi tukikumbuka zama ambazo mwizi na mchongezi waliweza kuwa mtu mmoja.

Mwanzoni mwa karne ya 18 sheria ya Uingereza ilimhukumu kifo mtu aliyeiba kwa siri dukani bidhaa za thamani ya shilingi 5, na ilhali hapakuwa na polisi wa mishahara kama wa leo, serikali ilitoa pauni 40 kwa kila aliyemtia hatiani mnyang'anyi wa barabarani. Katika soko hilo la roho za watu alisitawi Jonathan Wild, aliyejiita Jenerali wa Wakamata Wezi wa Uingereza na Ireland, ambaye kwa mkono mmoja aliendesha magenge ya wezi na kuwarudishia wenyewe mali zao kwa ujira, na kwa mkono wa pili akawapeleka kitanzini wezi waliokataa kumtii. Naye mwenyewe alinyongwa mwaka 1725 huko Tyburn, penye mti wa kunyongea wahalifu wa London. Kamusi ya maneno ya kihuni aliyoitoa Francis Grose mwaka 1785 tayari ina «snitch» kwa maana ya mchongezi, na mtu akiisoma huku akiikumbuka kamba ile, huelewa chuki iliyomo.

Kamba imekwisha, wala chuki haikwisha. «Nick» na «pinch» zimelainika hata mama huweza kumtania mwanawe kwazo, lakini «grass» lingali ni mwiba. Mwaka 1973 Bertie Smalls, mnyang'anyi wa mabenki, alipowataja wenzake ili asishtakiwe, mtu wa namna yake akaja kuitwa «supergrass», mchongezi mkuu.

Nami husikitika kwamba neno hili «grass», lililotungwa na wahalifu kwa kujihami, limeingia katika viwanja vya shule, kwani mtoto anayepigwa na kunyang'anywa pesa zake za chakula, akitamani kumweleza mwalimu, hulikuta limemtangulia mlangoni. Na aghalabu hurudi nyumbani na njaa yake, akimwambia mamaye kwamba amekwisha kula.