Kulisawazisha Gari: Kwanza Tujue Kilicholizamisha



Wiki hii tunawaomba wasomaji wetu, hususan akina mama, wasiiruke makala hii kwa kuona kwamba inahusu gari. Chombo kinachowapeleka watoto wetu madrasa na wazazi wetu hospitali ni sehemu ya nyumba, na aliyeketi ndani yake ana haki ya kujua kinachofanywa chini yake.

Jamaa zetu wengi wametoka Pwani wakafanya makazi pande za Ziwa, wengine Kisumu, wengine Kendu Bay, mji wenye Waislamu wa siku nyingi, na wengine katika masoko madogo kama Kosele, karibu na Oyugis katika kaunti ya Homa Bay. Barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Kisumu ina lami. Lakini mwenye kuiacha na kuingia vijijini, hasa nyakati za masika, hukutana na matope ya kuteleza, mifereji iliyochimbwa na maji na vilima visivyomhurumia mwenye gari dogo. Kwa hiyo gari lililoinuka, lenye kuvuta kwa magurudumu yote manne, limekuwa huko hitaji zaidi kuliko fahari.

Katika magari hayo limeenea jambo ambalo mafundi huliita kuweka spesa. Mwenye gari hulitazama kwa ubavu, akaona pua yake imeinama na sehemu ya nyuma imeinuka, naye hapendezwi. Fundi humwambia kwamba kwa gharama ndogo kipande cha mpira mgumu, plastiki ngumu au aluminiamu kitawekwa juu ya kila springi ya mbele, na gari litasimama sawasawa. Je, jambo hili lafaa? Jibu letu ni kwamba lafaa mahali pake, na ladhuru pasipo mahali pake. Kinachotenganisha mawili hayo ni swali moja: ni nini kilicholizamisha gari?

Tueleze kwanza vyombo vyenyewe. Springi tunayoizungumzia ni chuma kilichoviringwa kama nyoka aliyejikunja, na ndiyo inayobeba uzito wa gari. Range Rover ya mwaka 1970 ilikuja na springi za namna hiyo kwenye magurudumu yote manne, na baadaye Toyota Land Cruiser za muundo wa 80, zilizoanza kuuzwa mwaka 1990, nazo zikawa hivyo hivyo. Pamoja na springi iko shokamzoba, ambayo haibebi uzito; kazi yake ni kutuliza mrusho, ili gari likishapita shimo lisiendelee kudundadunda. Spesa si springi wala si shokamzoba. Ni kijalizo tu, aghalabu chenye unene wa milimita 10 hadi 30, kinachoisogeza springi ili bodi ikae juu zaidi.

Hapa pana nukta ambayo tungependa kila nyumba iishike. Spesa haiongezi nguvu ya springi hata kidogo. Springi iliyochoka hubaki imechoka, ila sasa imesimama juu ya kigoda. Anayedhani kwamba baada ya kuweka spesa gari litabeba magunia zaidi amejidanganya, na ikiwa ameambiwa hivyo na muuzaji, basi amedanganywa.

Nukta ya pili ni kwamba kuinama kwa pua si lazima kuwe kasoro. Watengenezaji wa magari ya mizigo na safari huinua sehemu ya nyuma kwa makusudi. Wanajua kwamba gari likijazwa watu, mikoba na magunia, uzito mwingi utaangukia nyuma, na nyuma itashuka. Gari lililoinama likiwa tupu ndilo litakalosimama sawa likiwa na mzigo. Mwenye kulisawazisha likiwa tupu huenda amelivuruga kwa siku ya safari, ambapo pua itaelekea juu na sehemu ya nyuma itaburura.

Tulipozuru Kosele kuhudhuria harusi ya jamaa, tuliliona jambo hili kwa macho yetu. Baba wa nyumba alikuwa na Land Cruiser ya muundo huo wa 80, akitaka spesa za milimita 30 zitiwe mbele. Gari hilo ndilo linalobeba watoto, na ndilo linalobeba viazi vitamu, ambavyo eneo la Kabondo linasifika kwavyo. Mkewe, aliyekuwa akiandaa chai, alimwuliza fundi kwa upole, "Fundi, ukishaviweka hivyo vipande, gari litakuwa na nguvu zaidi?" Fundi, mtu wa huko huko na mkweli, akajibu, "Hapana, mama. Litakuwa refu tu."

"Basi kabla hujalirefusha," akasema mama, "tutazamie kwanza kwa nini limekuwa fupi."

Fundi akakubali. Aliliegesha gari mahali pa tambarare, akahakikisha matairi yana upepo sawa, kisha akapima kutoka kitovu cha kila gurudumu la mbele hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Upande wa kulia, upande wa dereva, ulikuwa chini ya wa kushoto kwa sentimita 2. Halafu akapima kimo cha kizingiti cha milango kutoka ardhini, mbele na nyuma. Mbele palikuwa chini kwa sentimita 3. Kisha akaomba watu watano waingie na magunia matatu ya viazi yapakiwe, akapima tena. Zile sentimita 3 zilikuwa zimekwisha. Gari lilisimama sawa. Lakini kulalia kulia kulibaki vile vile.

Gurudumu la kulia lilipotolewa, springi ilionekana imevunjika karibu na ncha yake ya chini, na kipande kilichovunjika kimelala kwenye kikombe chake. Kwa mbali haikuonekana. Lau spesa ingewekwa siku ile, gari lingeinuka, baba angefurahi, na springi iliyovunjika ingeendelea kuwabeba watoto katika vilima vile, hakuna ajuaye. Zilinunuliwa springi mpya mbili, kwa maana springi za mbele hubadilishwa kwa jozi, wala hazikuhitajika spesa.

Hatusemi kwamba spesa ni haramu au ni hila. Ziko hali ambazo ndizo dawa. Mtu aliyefunga mbele ya gari lake chuma kizito cha kinga, au mashine ya kuvutia gari lililokwama, ameongeza mzigo wa kudumu, na pua itashuka kwa sababu inayojulikana. Ikiwa springi ni nzima na kushuka ni kwa kiasi kidogo, spesa ya unene wa wastani hurudisha kimo kilichopotea. Lakini iwe imetengenezwa kwa kazi hiyo, na ikae barabara mahali pake. Kipande cha ubao, au chuma kilichokatwa kwa kukisia, chaweza kupasuka au kuteleza gari likiwa mwendoni.

Kazi nayo ina masharti yake. Katika gari kama ile Land Cruiser, ambalo springi na shokamzoba zimekaa mbalimbali, bodi hupanda kwa karibu unene wa spesa yenyewe. Katika magari kama Prado nyingi, ambayo springi ya mbele imeivaa shokamzoba, spesa ikiwekwa juu yake kupanda huko kwaweza kukaribia maradufu ya unene wake, kwa sababu springi haikukaa juu ya gurudumu bali ndani zaidi ya mkono unaolishika. Asiyejua tofauti hii ataomba sentimita 3 na kupewa karibu 6. Kisha shokamzoba huwa imenyooshwa mno, mipira ya breki huvutika, na mwelekeo wa magurudumu hubadilika, hata usukani ukaanza kutangatanga na matairi yakaliwa upande mmoja. Kwa hiyo baada ya kazi ni lazima magurudumu yapimwe na kuelekezwa upya.

Liko jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo linawahusu majirani zaidi kuliko mwenye gari. Gari likiinuliwa mbele, taa nazo huelekea juu. Chukueni gari ambalo umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,850. Likiinuliwa mbele kwa milimita 30, mwanga wake utapanda kwa zaidi ya nusu mita kwa kila mita 50 mbele yake. Mwanga huo sasa unaingia machoni mwa mwendesha bodaboda anayekuja na abiria wake gizani. Dini yetu imehesabu kuondoa cha kuudhi njiani kuwa ni sehemu ya imani. Itakuwaje basi kwa anayekipachika yeye mwenyewe? Taa zishushwe siku ile ile ya kazi, kabla ya jua kuchwa.

Neno letu la mwisho ni kwa wauzaji na wanunuzi wa magari yaliyotumika. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu chini ya punje kavu. Mwenye nafaka akasema kwamba ilinyeshewa. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, kisha akawakemea wadanganyifu kwa maneno mazito. Anayeficha springi mbovu kwa spesa na kuliuza gari kama zima ameweka punje kavu juu. Anayeuza gari lenye spesa na awaambie wanunuzi, na anayenunua na auonyeshe uvungu kwa fundi wake mwenyewe.

Enyi akina mama, si lazima mjue kushika spana. Yatosha kuuliza, gari likipelekwa gereji: Springi zimeangaliwa moja moja? Gari limepimwa likiwa na mzigo wake wa kawaida? Kipande kimetengenezwa na nini, na unene wake ni kiasi gani? Magurudumu na taa vitaelekezwa upya? Na fundi anapofanya kazi nyumbani, watoto wakae mbali. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuua ikifyatuka, na mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Surat Rahman inatukumbusha kwamba Mwenyezi Mungu ameweka mizani, na kwamba tusiipunje. Kulisawazisha gari nako ni kupima, na vipimo vyake ni viwili, kile cha gari tupu mbele ya macho ya watu na kile cha gari lililojaa roho tulizopewa kuzitunza. Kipimo cha pili ndicho cha kufuatwa. Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote, wa Pwani na wa Ziwani, na awafikishe salama kwa wanaowangoja. Amin.