Maelezo kwa Wananchi: Sindano za Kupunguza Taya na Athari Zake kwa Misuli Mingine

Wananchi wanaombwa kuyasoma maelezo haya kwa makini, hususan wale wanaosafiri nchi za nje kwa biashara, masomo au matibabu, ambao huenda wakavutiwa na sindano zinazotangazwa kuwa hupunguza upana wa uso bila ya kisu. Sindano hizo zimeenea sana Korea Kusini, ambako uso mwembamba wenye kidevu kilichochongoka huhesabiwa kuwa ni alama ya uzuri. Makusudio ya maelezo haya si kumlaumu mtu kwa kupenda umbo fulani, bali ni kubainisha jambo ambalo aghalabu halitajwi katika matangazo, nalo ni kwamba msuli mmoja ukidhoofishwa, kazi yake haiondoki. Kazi hiyo huiangukia misuli mingine.

MISULI INAYOHUSIKA

Kila upande wa uso, baina ya mfupa wa shavu na pembe ya taya, pana msuli mnene wa kutafuna. Mtu akikaza magego na kuweka vidole vyake juu ya pembe ya taya, atauhisi ukituna. Msuli huo haufanyi kazi peke yake. Upo msuli mpana wa panja, ulioenea ubavuni mwa kichwa juu ya sikio na kushuka hadi kwenye taya. Na upo mwengine upande wa ndani wa taya, usioonekana kwa nje. Yote hiyo hushirikiana kulifunga taya na kusaga chakula.

Baadhi ya watu wamezaliwa na msuli wa kutafuna ulio mnene. Wengine msuli huo huwanenea kwa sababu ya kusaga meno usingizini, au kwa mazoea ya kutafuna vitu vigumu. Ni vyema ieleweke pia kwamba upana wa uso huweza kutokana na mfupa au mafuta, na katika hali hizo sindano ya msuli haina faida.

DAWA YENYEWE

Dawa itumikayo ni sumu ya botulinamu, ambayo wengi huijua kwa jina la Botox, ingawa hilo ni jina la chapa moja tu miongoni mwa chapa kadhaa. Sumu hiyo hutolewa na kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, ambacho mtaalamu wa Ubelgiji, Émile van Ermengem, alikigundua mwaka 1895 baada ya watu kudhurika kwa kula nyama iliyohifadhiwa. Kwa kipimo kidogo mno, sumu hiyo iligeuzwa kuwa dawa. Mwaka 1989 Marekani iliiidhinisha kwa kutibu makengeza na mkazo wa kope. Mwaka 1994 madaktari wa Uingereza walichapisha taarifa za kuitumia kupunguza msuli wa kutafuna ulionenepa kupita kiasi. Baadaye matumizi hayo yalienea Asia ya Mashariki, na yakawa ni jambo la urembo zaidi kuliko tiba.

Dawa hii haiuyeyushi msuli. Neva huuamrisha msuli ukaze kwa kutoa kemikali iitwayo asetilikolini, na sumu huzuia kemikali hiyo isitoke. Msuli uliokosa amri hulegea, kisha hukonda, mfano wa mguu uliokaa muda mrefu ndani ya plasta ya mfupa uliovunjika. Udhaifu huanza baada ya siku chache. Kukonda huonekana baada ya wiki kadhaa na huzidi hadi takriban miezi 2 au 3. Baada ya hapo neva hurejea kazini kidogo kidogo, na ndiyo maana wengi hurudia sindano kila baada ya miezi kadhaa.

MZIGO UNAPOHAMIA

Mtu aliyechomwa sindano hiyo huendelea kula kila siku, na ikiwa ana tabia ya kusaga meno, tabia hiyo haimwachi kwa sababu ya sindano. Katika chombo, mpiga kasia mmoja akilegea, wenzake hawana budi kuvuta zaidi. Kadhalika misuli ya taya. Athari zinazoweza kutokea ni kama hizi zifuatazo:

(a) Msuli wa panja huweza kufanya kazi zaidi na kunenepa. Hapo mtu aliyetaka uso mwembamba chini hujikuta na uso uliotuna juu ya masikio, pengine pamoja na uchovu au maumivu ya panja. Hali hii huchukua miezi kujitokeza, na huelekea zaidi kwa mwenye kusaga meno au mwenye kurudia sindano mara nyingi.

(b) Msuli wa kutafuna una tabaka zaidi ya moja, na ndani yake huwa na kano inayoweza kuizuia dawa isienee kote. Sehemu iliyokosa dawa hukaza kwa nguvu, na mtu anapouma kitu, uvimbe hujitokeza ghafla shavuni. Uvimbe huu huonekana mapema, aghalabu katika wiki za mwanzo, na mara nyingi hupungua wenyewe au hurekebishwa na daktari.

(c) Ikiwa dawa imezidi upande mmoja, taya huelemea upande wenye nguvu, na uso huonekana haulingani.

Si kila aliyechomwa hupatwa na mambo haya. Hata hivyo, ipo hatari ya pili inayostahili kuangaliwa. Mtu akiona panja zimetuna, huweza kushauriwa achomwe na hapo pia. Akikubali, mzigo huhama tena kuelekea misuli iliyobaki, na uwezo wa kutafuna huzidi kupungua. Kabla ya kuongeza sindano, ni bora kwanza kuuliza kwa nini msuli huo umenenepa.

Zipo pia athari zisizotokana na kuhama kwa mzigo. Dawa ikisambaa hadi kwenye misuli ya tabasamu, mdomo huenda upande. Shavu huweza kubonyea chini ya mfupa wake, na ngozi iliyopoteza kilichoitegemeza huweza kulegea, hasa kwa watu wazima. Aidha, majaribio kwa wanyama yameonyesha kupungua kwa mfupa wa taya msuli unapodhoofishwa. Kwa binadamu matokeo ya uchunguzi bado hayajalingana.

NASAHA

1. Anayesaga meno amwone kwanza daktari wa meno. Kinga ya kuvaa mdomoni usiku huyalinda meno, jambo ambalo kukonda kwa msuli peke yake hakuwezi kulidhamini.

2. Sindano isikubaliwe katika saluni au nyumba ya mtu. Mchomaji awe ni daktari anayeyajua vyema maumbile ya uso, na chapa pamoja na kipimo viandikwe. Yuniti za chapa moja hazilingani na za chapa nyengine.

3. Wajawazito, wanaonyonyesha, na wenye maradhi ya neva yanayolegeza misuli wasichomwe. Anayetumia dawa yoyote, hususan antibiotiki kama jentamaisini, amweleze daktari mapema.

4. Aliyekwisha kuchomwa na akaona panja zinatuna, taya linachoka au tabasamu limepinda, asirudie sindano mpaka achunguzwe. Katika hali nyingi muda wenyewe ndio dawa, kwani nguvu ya sumu huisha.

5. Taabu ya kumeza, kusema au kupumua, au udhaifu wa mwili mzima, ni dalili za hatari. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo kali kuhusu dawa hizi kuenea mbali na mahali zilipochomwa, na dalili hizo huweza kutokea saa chache hadi wiki kadhaa baada ya sindano. Mgonjwa apelekwe hospitali mara moja, na waelezwe madaktari kwamba alichomwa sindano hiyo.

Kwa muhtasari, taya ni kiungo cha kula na kusema kabla ya kuwa ni pambo la uso. Mwenye kutaka kulipunguza na aulize mambo mawili kabla ya kuulizia bei: msuli huu umenenepa kwa sababu gani, na kazi yake itafanywa na nani utakapodhoofika. Daktari asiyeweza kuyajibu maswali hayo kwa ufasaha si wa kukabidhiwa uso wa mtu.