Fahamu: Hofu inayomwamsha mtu usiku wa manane

Foleni ya malori Tunduma, mpakani na Zambia, imewahi kuchukua siku kadhaa. Dereva anayesubiri kuvuka kwenda Nakonde hulala humo humo kwenye kabini. Akishtuka saa nane usiku moyo unamwenda mbio, jasho linamtoka, kifua kimebana na vidole vimekufa ganzi, huwaza jambo moja tu: nakufa.

Huenda ni shambulio la hofu. Huweza kumkuta mtu usingizini bila hata kuota, aghalabu saa za mwanzo za usingizi, hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha hupungua. Si jinamizi: aliyekabwa na jinamizi hawezi hata kujigeuza, lakini huyu anaweza kuruka kitandani na kufungua mlango.

Afanyeje? Aketi, akanyage chini, avute pumzi taratibu kwa pua na kuitoa polepole zaidi. Asishindane nayo, maana kuiogopa hofu yenyewe ndiko kunakoichochea. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, vinavyonywewa ili kukesha barabarani, aviache tangu mchana. Pombe nayo huvuruga usingizi.

Maumivu ya kifua, hata hivyo, si ya kukisia. Hali hii ikitokea mara ya kwanza, awahi hospitali: moyo, pumu, tezi ya shingo na kukatika pumzi usingizini vichunguzwe. Vikiwa salama, tiba ipo: ushauri wa kisaikolojia, na dawa anazoandika daktari. Kwa mkazi wa Songwe, mkoa ulipo Tunduma, anayehitaji rufaa zaidi, ya karibu ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya.