Bastola ya Magnum kwa muuzaji wa nyumbani: pima haya kabla hujatoa hela

Leo tunagusa jambo ambalo wengi wanaliongea pembeni.

Muuzaji wa mtandaoni hapa Singida mara nyingi hana fremu mjini. Sebule ndiyo ofisi, chumba cha pili ndiyo stoo. Humo kuna madumu ya mafuta ya alizeti, ndoo za asali, viatu, simu, vyote vinasubiri basi la asubuhi pale stendi ya Misuna. Usiku ukiingia, mtaji wote umelala nyumba moja na watoto. Ndiyo maana swali hili linarudi kila mara: ninunue bastola? Na anayeuliza huwa ameshaona filamu, anataja na jina kabisa: Magnum.

Tulijibu kama tunavyojibu swali lolote la kutoa mtaji. Kwanza tujue bidhaa, halafu gharama, halafu tuangalie kama inatatua tatizo tulilonalo.

1. Magnum ni kitu gani hasa

Magnum siyo bastola, ni aina ya risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida. Risasi ya .357 Magnum ilitoka Marekani mwaka 1935, kazi ya kampuni za Smith & Wesson na Winchester. Waliichukua risasi ya zamani ya .38 Special, wakarefusha ganda kwa kama milimita 3 na kuongeza nguvu ya baruti. Urefu ule uliwekwa makusudi, ili risasi kali isiingie kwenye bastola ya zamani isiyoiweza. Mwaka 1955 ikaja .44 Magnum, kali zaidi. Hiyo ndiyo aliyobeba Clint Eastwood kwenye filamu ya Dirty Harry ya mwaka 1971, na umaarufu mwingi wa jina hili umetoka pale.

Bastola inayobeba risasi hizi mara nyingi ni revolva, yaani ile yenye silinda inayozunguka. Kwa kawaida silinda ina matundu 6, nyingine 5, nyingine 7 au 8. Ukivuta triga, silinda inazunguka na risasi inayofuata inakaa mbele ya nyundo.

2. Kwa nini watu wanaipenda

Sababu zipo, tusidanganyane.

- Ni rahisi kuielewa. Haina magazini. Ukifungua silinda unaona kwa macho kama ina risasi au haina.
- Risasi moja ikigoma, unavuta triga tena na inayofuata inakuja. (Kwenye mazoezi usifanye hivyo. Risasi ikigoma, mtutu unabaki umeelekea shabaha na unasubiri kama nusu dakika, maana inaweza kuchelewa kulipuka.)
- Revolva ya .357 inapiga pia risasi za .38 Special, ambazo ni laini. Kinyume chake hakiwezekani: bastola ya .38 haipigi .357.

Hiyo ya tatu ndiyo faida kubwa kwa mtu anayetaka silaha moja ya nyumbani na ya mazoezi. Unajifunza kwa risasi laini, mkono hauumii, na shabaha unaipata mapema.

3. Tatizo la Magnum ndani ya nyumba

Hapa ndipo wengi hawafiki kwenye hesabu.

Kelele kwanza. Mlio wa bastola unapita desibeli 140, kiwango ambacho mara moja tu kinaweza kuharibu sikio. Magnum iko juu zaidi ya hapo. Uwanjani unavaa vizuia sauti, lakini saa nane usiku chumbani huna. Mtutu mfupi unaongeza na mwako mkali wa moto gizani, kwa hiyo kwa muda husikii vizuri na huoni vizuri, wakati ule ule unaotakiwa kujua nani ni mwizi na nani ni shemeji aliyeamka kwenda chooni.

La pili ni ukuta. Risasi ya .357 inaweza kutoka kwa kasi ya mita 400 kwa sekunde na zaidi, wakati .38 ya kawaida iko kwenye 250 hivi. Sasa angalia nyumba yako. Ukuta wa tofali zima la kuchoma unaweza kuizuia. Lakini mlango wa mbao, dirisha, ukuta wa bati na kizigeu cha jipsamu havizuii. Risasi inapita na kuendelea na safari. Nyuma ya kile kizigeu amelala nani? Na nyumba ya jirani iko hatua ngapi?

La tatu ni mkono. Kuvuta triga ya revolva bila kutangulia kurudisha nyundo nyuma kunahitaji nguvu ya kama kilo 5. Ongeza na mtikiso wa Magnum, na mtu asiyefanya mazoezi anakosa shabaha hata kwa hatua chache. Risasi iliyokosa shabaha haipotei hewani, inakwenda kumpata mtu au kitu kingine.

4. Kama bado unaihitaji, angalia haya

Wapo wenye sababu ya kweli. Mwenye ghala nje ya mji, au anayesafirisha mauzo makubwa na ameshatishiwa. Kwa huyo:

- *Uzito.* Revolva ya chuma kamili yenye mtutu wa sentimita 10 hivi ina uzito wa karibu kilo moja. Uzito huo unameza mtikiso. Zile nyepesi za mfukoni ni nzuri kubeba, lakini zikipiga Magnum zinaumiza mkono na watu wanaacha mazoezi.
- *Risasi.* Kwa nyumba yenye watu, .38 Special ndani ya revolva ya .357 inatosha na ina madhara madogo zaidi kwa walio nyuma ya ukuta. .44 Magnum haina kazi sebuleni kwako.
- *Upatikanaji.* Kabla ya kuchagua, uliza duka lenye leseni lina risasi za aina gani mwaka mzima. Silaha isiyopatikana risasi za mazoezi ni silaha usiyoijua.
- *Mkono wako.* Ishike dukani ikiwa tupu. Kidole kifike kwenye triga bila kujinyoosha.
- *Mahali pa mazoezi.* Hupigi shabaha shambani kwako wala porini. Uliza polisi wa wilaya uwanja unaoruhusiwa ni upi, na ufundishwe na mtu anayetambulika.

Na kanuni nne zisizo na mjadala: kila silaha ichukulie kuwa ina risasi, usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiangamiza, kidole kiwe nje ya triga mpaka uko kwenye shabaha, jua kilichopo nyuma ya shabaha.

5. Sheria haina njia ya mkato

Kinachotawala ni Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Silaha ni kwa leseni, na leseni ni ya mtu husika na silaha husika. Huwezi kumwazima mdogo wako akusindikize na mzigo.

Maombi huanzia chini, kwa viongozi wa mtaa au kijiji wanaokufahamu, yanapita kwa polisi na kamati ya usalama ya wilaya na kupanda juu. Utaulizwa sababu, tabia yako na utaitunzia wapi. Mahali pa kuanzia ni ofisi ya mtaa na kituo cha polisi, siyo kwa dalali. Ukipewa, kumbuka mwaka 2016 Jeshi la Polisi liliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, na kila mmiliki alitakiwa kujitokeza na silaha na nyaraka zake. Ni mali ambayo utaitolea maelezo maisha yako yote.

Ukikamatwa na silaha bila leseni, kesi hiyo inaweza kuendeshwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, na dhamana ya kesi hizo siyo ya kuombea kituoni ukarudi nyumbani jioni. Kama kuna gobole la marehemu babu limebaki darini, usilifiche wala usiliuze. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, na Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kwa kazi hiyo.

Kuhusu kumpiga mwizi: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 mpaka 18C, inakupa haki ya kujilinda, kumlinda mwenzako na kulinda mali, ila kwa nguvu inayolingana na hatari. Ukizidisha na mtu akafa, unaweza kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia. Mwizi anayekimbia na dumu la mafuta siyo sawa na aliyekuwekea panga shingoni.

6. Piga hesabu kama mfanyabiashara

Bei ya bastola ni mwanzo tu. Jumlisha ada, sanduku la chuma lililofungwa ukutani, risasi za mazoezi, mafunzo, nauli na siku ambazo hukuuza. Halafu jiulize: mzigo wangu wote una thamani gani?

Kuna gharama nyingine haionekani kwenye risiti. Sanduku lisipofungwa, mtoto ataifikia. Likifungwa vizuri, mwizi anaweza kufika kwako kabla hujalifungua. Na mtaa ukijua una bastola, yenyewe inakuwa mzigo wa kuibiwa, tena wenye thamani kuliko viatu vyako.

7. Mwizi anafuata nini kwako?

Mara nyingi anafuata taarifa uliyompa mwenyewe bure.

- Usiposti stoo. Picha piga mbele ya ukuta mtupu, geti na namba ya nyumba visionekane.
- "Katoni hamsini zimeingia leo" usiandike mzigo ukiwa bado chumbani. Posti bidhaa, siyo idadi.
- Hela isilale ndani. Tumia lipa namba, na zile za mkononi zipeleke benki au kwa wakala kukiwa bado mchana, kwa saa zinazobadilika.
- Mteja mgeni mkutane stendi au kwenye duka la mtu unayemfahamu. Nyumbani siyo dukani.
- Gawanya mzigo sehemu mbili.
- Nondo madirishani, komeo la ndani, taa ya sola nje, mbwa anayebweka. Vyote hivi vinafanya kazi ukiwa umelala.
- Namba ya mwenyekiti, ya jirani wawili na ya polisi kata ziwe juu kabisa kwenye simu. Dharura ni 112. Mchango wa ulinzi shirikishi lipa kwa wakati.

8. Usinunue wala usiuze silaha mtandaoni

Ukiona bastola kwenye grupu, "tuma nusu, nyingine ukipokea", ujue ni moja kati ya mawili: tapeli anayejua huwezi kwenda kushtaki, au silaha yenye damu ya mtu. Na wewe muuzaji, usikubali kuposti risasi au bastola ya mtu kwa kamisheni. Mitandao inafunga akaunti kwa hilo, na polisi wanaanza na namba iliyo kwenye tangazo.

Kwa kumalizia

Fanya namba 7 kwa miezi mitatu kwanza. Wengi wakifika hapo wanakuta hofu imepungua na hela ya bastola imekuwa mzigo mpya. Ukiona bado hatari ipo na unaweza kuieleza mbele ya kamati bila kigugumizi, fuata sheria, chagua ya chuma, tumia .38, funga sanduku, fanya mazoezi. Usipoweza kutimiza hayo yote matano, acha.

Mtumie muuzaji mwenzako anayelala na mzigo ndani.